Goti la Kushoto la Mchezaji wa Kulipwa

Jumamosi, 11 Januari

Khabari kubwa! Ijumaa tunacheza na Wakuwait, na Jawaher, kocha wetu, katwambia atakuja mtu kutoka klabu ya Abu Dhabi kutafuta mchezaji wa kulipwa. Mmoja tu. Mkataba wa mwaka mzima.

Mchezaji huyo ni mimi. Nani mwengine? Klabuni kwetu mimi peke yangu ndiye niliyewahi kulipwa kwa kucheza hoki ya barafu. Misimu minne, Slovakia, daraja la tatu. Mabao kumi na moja. La kumi na mbili walilikataa kwa uonevu. Siku hizi nauza viyoyozi katika duka la kaka yangu, mtaa wa Hamriya. Mteja akiniuliza kama naijua baridi, namtazama tu.

Vikwazo viwili. Umri: nna miaka arubaini na moja, klabuni nimeandikisha thalathini na tano. Na goti la kushoto, linalolia kama mlango mkongwe. Halafu yupo Aws. Basi vitatu.

Aws ana miaka ishirini na mbili na mbio za kuudhi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kusimama juu ya barafu. Kosa langu.

Jumatatu, 13 Januari

Nimepaka nywele na ndevu rangi nyeusi. Kijana kabisa! Nambi, dada wa Kiganda anayemtunza mama, kaniangalia sana, kisha kasema ndevu zimekuwa za kijana kweli, bosi, lakini uso umebaki palepale. Mama kafurahi kupita kiasi. Kadhani nimepata mchumba. Kabla sijawahi kukanusha, keshawapigia simu shangazi zangu wawili.

Jioni mazoezi, uwanja wa barafu wa Sib. Nimecheza kwa nguvu. Nimetoka jasho. Sikujua kuwa rangi ile na jasho haviwezani. Juu ya barafu nyeupe kila tone lilionekana. Jawaher kasimamisha mazoezi, kasema mashine ya kusawazisha barafu inavuja mafuta, kamwita fundi. Fundi kalala chini ya mashine nusu saa. Sote tukatafuta mvujo. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote.

Jumatano, 15 Januari

Balaa. Jawaher kataka kila mtu aruke mara kumi kwa mguu mmoja, kisha kwa mwengine. Nimeruka kwa wa kulia. Nikajizungusha kidogo, nikaruka tena kwa wa kulia. Kaniuliza wa kushoto uko wapi. Nikamwambia ndio huo huo. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena, kaniambia nikakae.

Baadaye kaniita pembeni. Kasema kwa upole kwamba Ijumaa atanichezesha, lakini baada ya hapo anataka niwe msaidizi wake. Nifundishe! Mimi, mchezaji wa kulipwa! Nimemshukuru kwa adabu na sikumuaga.

Nimepata njia. Nitamwalika Aws chakula cha mchana Ijumaa, masaa manne kabla ya mechi. Biriani ya mama haijawahi kumwacha mtu akakimbia.

Ijumaa, 17 Januari, baada ya chakula

Aws kaja baada ya sala, kanzu imepigwa pasi, kaleta halwa. Mama kampenda papo hapo. Kampakulia mlima. Aws kaonja vijiko vitatu, kaomba radhi, kasema tumbo limefunga kwa woga. Ili kumtia moyo ale, nikala mimi. Sahani moja. Ya pili. Ya tatu mama kaijaza bila kuniuliza.

Njia ya pili, basi: kumtisha. Kaniuliza mwenyewe maisha ya kule Slovakia yalikuwaje. Nikamweleza yote. Safari za basi za masaa tisa ndani ya theluji. Chumba ambacho dirisha lake liliganda kwa ndani. Wenzangu walioshindwa kutamka jina langu, Muatasim, wakaniita Sultani miezi miwili, na hakuna aliyenipa pasi. Iddi yangu ya kwanza, peke yangu kwenye benchi, na mkate mkavu. Siku goti lilipopasuka, nikasikia mlio kabla ya maumivu, na daktari akanieleza kwa lugha nisiyoijua, nikaelewa kila kitu.

Mama kaacha kula. Hakuwahi kuyasikia haya. Nilikuwa nikimwandikia kwamba kuzuri.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nikaendelea, nikasimulia bao la kwanza. Watu mia nne walisimama, wakaliita jina langu, kila mmoja kwa makosa yake.

Aws kaniuliza taratibu: «Mwalimu, na uliyapenda maisha hayo?»

Nilikusudia kusema la. Nikasema: «Wallahi, kila siku.»

Macho yake yakang'aa. Kakunja mikono ya kanzu, kamaliza sahani yake yote. Amekuwa na njaa na hana woga tena. Mimi siwezi kuinuka.

Jumamosi, 18 Januari

Niandike kama ilivyokuwa.

Mbili kwa mbili, dakika nne zimebaki. Mama juu kwenye viti, amejifunika mablanketi mawili, na Nambi kando yake anawapigia kelele Wakuwait kwa Kiganda. Kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kikanijia. Mbele yangu kipa tu! Nikakata mbio. Pembeni yule mtu wa Abu Dhabi akasimama. Sijawahi kuwa na wakati mtamu kama ule tangu Slovakia.

Goti likaita. Mlio uleule.

Kushoto nilimwona Aws. Naapa sijui kama nilimpa kisahani au kilinitoroka. Nilikuwa nakwenda kwa tumbo, mimi na biriani yangu, hadi ukutani. Niliposimamishwa, bao lilikuwa limeingia, watu wanapiga kelele, na jina lilikuwa la Aws.

Mgeni kaja kunipa mkono. Kasema pasi ile hufundishwi, unazaliwa nayo. Kisha kaenda kumpa Aws karatasi za mkataba. Aws kaja nazo kwangu, kofia ngumu ya mchezo bado kichwani, kanikumbatia, kalia kama mtoto. Nikamwambia achukue glavu jozi mbili na ampigie mama yake kila siku, hata kama hana la kusema. Nikamwambia asiandike kwamba kuzuri kama si kuzuri.

Leo daktari kaangalia picha ya goti. Hakuna kukimbia tena. Hakuna kuruka. Hakuna kugeuka ghafla. Nikakaa ndani ya gari, kwenye maegesho, muda mrefu. Nambi, aliyekuja kuniendesha, hakuwasha gari. Kanishikia mkongojo tu.

Jumanne, 21 Januari

Aws kaondoka asubuhi. Nilikwenda uwanja wa ndege kumuaga. Kabeba fimbo zake tatu za hoki kama bibi harusi wake.

Nimempigia Jawaher, nimemwambia nimekubali kufundisha. Kafurahi. Nami nimetulia. Mwanamme mzima hujua wakati wa kuacha. Nimeyakubali ya Mungu, moyo mweupe.

Kabla ya kukata simu, Jawaher kalalamika kwamba Muhanna, kipa wetu, kahamishwa kikazi kwenda mbali, Salala.

Nikafikiri. Kipa hakimbii. Kipa haruki. Kipa amesimama pale pale! Daktari hakusema neno juu ya kusimama. Na Wakuwait nao kipa wao ni dhaifu, nilimwona kwa macho yangu, huenda watahitaji wa kulipwa!

Mama kauliza kama si kipa ndiye anayepiga magoti mchezo mzima. Nikamwambia hilo jambo dogo. Nikaingia chumbani kujaribu. Kupiga magoti: rahisi mno, mara ya kwanza tu nimeweza.

Naandika haya kutoka hapo sakafuni. Kusimama bado. Mama yuko nyuma ya mlango, anauliza mbona kimya. Nimemwambia natafuta kifungo. Nambi akirudi kutoka sokoni ataninyanyua, na kesho nawaandikia Wakuwait.