Vihisi Vinavyolala Kazini Msituni Tolliver

Mnara wa Tolliver, Montana
19 Agosti

Kwa Bi. Gretchen Haugland, Msimamizi wa Msitu,

Nakuandikia kwa heshima yote iliyonibakia. Barua yako ya tarehe 11 inaniamuru nishuke mnarani ifikapo Ijumaa, baada ya viangazi ishirini na sita vya kutazama moshi, kwa kuwa mkaguzi alinikuta nimesinzia. Nafasi yangu imechukuliwa na vihisi moshi mia moja na arobaini vilivyofungwa mitini. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Vihisi vinalala. Fundi wenu, Dwight Pruitt, alinieleza mwenyewe huku akimaliza biskuti zangu: "Mzee Lowell, ndiyo ujanja wenyewe! Kimoja kikiwa macho, vya jirani vinalala. Msitu wote unalindwa, betri zinadumu." Mimi nilisinzia dakika kumi na moja (shajara, 6 Agosti, baada ya maharage). Kwangu ni uvivu. Kwa kidude ni ufanisi.

2. Kihisi namba 63, hapo chini ya mnara wangu, hulala saa ishirini kwa siku. Nimekifuatilia kwa wiki nzima. Sijasikia kikiandikiwa barua.

3. Dwight anasema vihisi viwili vikitazama mahali pamoja, kimoja kizimwe. Naafiki kabisa. Ofisini kwako wamo wasaidizi wanne wanaotazama dirisha moja. Wangapi wamezimwa?

4. Kwa hiyo naomba kuajiriwa upya, kama kihisi. Nitalala kwa zamu na mke wangu Arlene na mbwa wetu Huckle, mwenye pua inayoishinda mitambo yenu yote. Ikibidi, nifungeni mtini. Sihitaji betri, kahawa inatosha.

Ukikataa, nieleze kwa maandishi ni lini usingizi wa mtu uligeuka kosa na wa kidude ukawa sayansi.

Wasalimie wote ofisini, walio macho na walio katika zamu ya kuokoa nguvu.

Wako, ningali macho,
Lowell Stenerud
Mtazama moshi

N.B. Bahasha nimeifungua tena. Baada ya kuifunga nilijinyoosha kidogo, nyama ikiwa jikoni. Arlene yuko mjini. Nimeamshwa na wazima moto wawili, pazia likiwaka: "Mzee, unapika au unachoma msitu?" Huckle alikuwa bado anakoroma. Aliyewaita ni namba 63. Vya jirani vyote vilikuwa vimelala. Nimeandika hivyo katika shajara. Nitashuka Alhamisi. Tafadhali kibadilishieni betri.