Bampa Iliyonitia Aibu Mbele ya Wakwe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Kuhusu: Plastiki nyeusi iliyogeuka kijivu, na heshima ya nyumba yangu iliyoifuata

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kivulini, kwani jua ndilo lililoanza ugomvi huu.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akitaka suti nyeusi iliyo nyeusi kweli, huelekezwa kwangu. Ndiyo maana iliniuma kuona gari langu, ambalo ni rika moja na binti yangu, limeota mvi: bampa ya mbele na ya nyuma, mikanda ya milangoni, hata makasha ya vioo vya pembeni. Binti anaolewa mwezi ujao, na gari hilo ndilo litakalompeleka. Baba wa bwana harusi ana gari jipya, plastiki zake nyeusi kama mbegu za papai.

Ndipo nikasoma makala ya mwandishi wenu anayejiita Fundi wa Jumapili, kwamba plastiki iliyopauka hurudishiwa weusi wake “kwa vitu ulivyo navyo nyumbani”. Nikamwamini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafuta ya kupikia. Niliyapaka kwenye bampa ya mbele, ikang'aa hata nikajitazama ndani yake na kujiona kijana. Nikalizungusha gari sokoni ili watu waone. Vumbi nalo lilikuwa likitafuta mahali pa kukaa. Nilirudi na bampa yenye manyoya, huku mbwa wa mtaa mzima wakinifuata na kuiramba kila niliposimama. Mke wangu, aliyekuwa akiitafuta chupa yake, aliuliza tu, “Baba Watoto, hilo gari unalikaanga?”

2. Dawa ya viatu. Hii niliipaka milangoni, na ilikubali. Ila haina tabia ya kumwambia mtu kama imekauka. Jioni ile ile mama wa bwana harusi alikuja kupanga mambo ya harusi, amevaa gauni jeupe, akaegemea gari huku akilisifu: “Mkwe, gari limetakata!” Alipogeuka kuondoka nikaona mstari mweusi umemkata kwa nyuma, umenyooka kama niliouchora mwenyewe kwa chaki na rula. Nilijua ninapaswa kumwambia. Nilijua pia kwamba mtu mwenye heshima zake hamtazami mkwewe huko. Nikanyamaza kwa adabu. Alipitia sokoni.

3. Joto. Makala ilisema joto huamsha weusi uliolala ndani ya plastiki, na kwamba msomaji atumie “kifaa chochote cha joto alicho nacho”. Ndugu Mhariri, fundi cherehani ana kifaa gani cha joto? Nilileta pasi. Kazini huwa nawafokea watu wanaoweka pasi ya moto juu ya nailoni. Siku ile sikumfokea mtu. Kwa muda mfupi weusi uliamka kweli. Kisha bampa yenyewe ikaamka, ikaifuata pasi. Sasa mbele ya gari, juu kidogo ya kibao cha namba, pana alama kamili ya pasi, ncha ikitazama angani. Majirani wananiuliza kama ni tangazo la biashara.

4. Binti yangu. Alikuja, akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, “Baba, mimi naolewa na mtu, siolewi na bampa.” Neno hili liliniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na akili na halikutoka kwangu. Nikamwambia ukweli: sitaki siku hiyo aone haya kushuka kwenye gari la baba yake. Akaacha kucheka. Akanishika mkono, na mkono wake ukawa mweusi.

Kwa hiyo naomba gazeti lako litangaze kwamba weusi umepitwa na wakati, na kwamba siku hizi watu wa maana wanatembelea kijivu. Hilo likishindikana, wasomaji wenye magari mapya waombwe kuyapausha kabla ya mwezi ujao, hasa msomaji mmoja ambaye namba za gari lake ninaweza kukupatia. Na hilo nalo likikwama, basi jua liandikiwe onyo, lisichomoze mpaka bibi harusi ashuke.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na mama anayewapikia chai. Msalimie na Fundi wa Jumapili, ila salamu yake iwe fupi.

Ni mimi, mwenye mikono myeusi na moyo mweupe,

Baba wa Bibi Harusi

Baada ya kutia sahihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu alichukua ndoo, sabuni na brashi ya kufulia, akasugua bampa ya nyuma, ambayo sikuwa nimeifikia. Imetoka nyeusi ti. Kumbe si jua. Ni ile nta ya kung'arishia bodi, ninayoipaka kwa bidii miaka nenda miaka rudi, ndiyo iliyokuwa ikikaukia kwenye plastiki na kuifanya kijivu. Malalamiko yote nayafuta. Kwa kuwa nyuma sasa ni pazuri na mbele hapatazamiki, familia imekubaliana kwamba gari litaingia harusini kinyumenyume, nami nimeshaanza mazoezi. Tafadhali mwulize Fundi wa Jumapili kama ana makala yoyote kuhusu kunyoosha shingo.