Nyanzala Hakuandika Tamthilia Zile

Ilembo, Mpanda

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima. Nimesikia mnachapa kitabu cha zile tamthilia saba zinazochezwa mkoa mzima, na kwamba kwenye jalada mtaweka jina la Nyanzala, muuza dagaa wa hapa Ilembo. Nilicheka, kisha nikaudhika. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Naomba jina hilo liondolewe, kwa sababu hizi:

1. Nyanzala aliishia darasa la saba, tena shule ya kijijini Sibwesa. Katika tamthilia zake, samahani, katika tamthilia hizo, kuna hakimu, daktari na mkuu wa wilaya, na wote wanaongea kama wenyewe. Yeye kawajulia wapi? Eti wananunua dagaa kwake. Hata mimi nanunua, mbona sijaandika kitu?

2. Madaftari yake nimeyaona. Yananuka dagaa. Kazi ya msomi hainuki.

3. Mwandishi halisi ni marehemu wakili Danford, aliyekuwa na shahada mbili na miwani. Wabishi wanasema alifariki kabla ya tamthilia tatu za mwisho kuandikwa. Hilo ni dogo. Msomi huandika mapema. Wanasema pia ile ya sita inataja mvua iliyobomoa choo cha soko mwaka jana. Basi marehemu alikuwa anaona mbali. Shahada mbili si mchezo.

4. Nilimfuata sokoni nikamtaka athibitishe mbele ya watu kwamba aliziandika yeye. Alinipimia dagaa wa Kapalamsenga, akaniuliza kama siku hizi napika mwenyewe. Hilo si jibu la mwandishi.

5. Mkimwachia huyu, kesho kila mwenye genge la nyanya atadai ana akili. Sisi tuliosoma tutakaa wapi?

Andikeni tu "Mwandishi hajulikani", kisha iundwe kamati. Uenyekiti sitaukataa.

Wasalimie wapiga chapa wote, na wa nyumbani kwako pia.

Ni mimi, mtetezi wa elimu,
Gideon, Mkaguzi Mstaafu

N.B. Kabla hamjachapa, mwambieni Nyanzala amtoe yule Bwana Mkaguzi wa tamthilia ya sita, anayepiga magoti jikoni akimwomba mkewe asiondoke. Ilembo nzima inanicheka. Maneno yale nilimwambia mke wangu Helena mara moja tu, na aliyekuwa mlangoni ni Nyanzala peke yake, kaleta dagaa. Ameyaandika vilevile, neno kwa neno. Kama hawezi kumtoa, basi mwishoni amrudishe mke.