Kaburi la Babu Uani

Jumatatu, 6 Juni 1949
Wapima wamekuja na vigingi. Nachingwea inapangwa upya! Barabara pana itakula baraza yangu. Nimemwendea jumbe. Kasema hana uwezo, amri imetoka Dar es Salaam. Ajabu! Dar es Salaam haijui hata njia ya kisimani kwetu, lakini inajua baraza yangu imekaa vibaya. Vita vya Maji Maji vilinitoa Narung'ombe nikiwa mgongoni mwa mama. Njaa ikanitoa Matambarale. Safari hii sihami.

Jumatano, 8 Juni
Nimepata! Serikali haigusi makaburi. Alfajiri nimefanya tuta uani, mawe kichwani na miguuni, shuka jeupe juu. Babu yangu huyo. Mke wangu Mwanaima kauliza kwa nini babu kapewa shuka la wageni.

Ijumaa, 10 Juni
Jirani yangu Halfani, muuza ufuta, kanitangaza msikitini. Ndiye aliyewashangilia wapima, mnafiki! Mtaa mzima umekuja kumsomea babu hitima, na baada ya hitima watu hula. Kuku wetu wamekwisha. Halfani, paja mkononi, kauliza kama babu hakuzikwa Narung'ombe. Nikamjibu kwamba naye alihama.

Jumatatu, 13 Juni
Mpimaji mkuu amevua kofia mbele ya kaburi. Ushindi! Kisha kasema serikali inawaheshimu wafu, ila sheria ya mji hairuhusu mtu kuishi makaburini. Kaburi libaki, nyumba iondoke. Yote! Nikaapa kwamba mle hamna mtu. Halfani akapaza sauti: ala, Mzee Bashiri, hitima tulimsomea nani basi? Mtaa mzima ukanikodolea macho, na kuku wangu tumboni mwao. Nikasema babu yumo.

Alhamisi, 4 Agosti
Tumepewa kiwanja kipya, njia ya kwenda Ruangwa. Udongo mzuri. Hakuna Halfani. Hakuna mpimaji aliyewahi kukanyaga huku. Mwanaima amenisihi nikae kimya kama watu wengine. Hawajui hawa! Nyuma ya nyumba kuna mti wa msolo, ule ambao wazee huombea chini yake. Nimemwaga unga shinani, nikafunga kitambaa cheupe: tambiko la ukoo wetu tangu zamani. Nani atathubutu kunihamisha hapa? Kisha nimevaa kanzu, nimekwenda bomani mwenyewe kuwaarifu wapima ninapokaa.