Tarehe Niliyoisogeza

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimelificha jambo hili miaka thelathini na minane. Kampuni mbili za ndege zilipounganishwa, mimi, katibu wa chama cha marubani, ndiye niliyechapa orodha ya ukongwe. Aliyeajiriwa kwanza juu, aliyefuata chini yake. Mimi niliajiriwa Novemba. Nikaandika Machi! Hivyo nikampita rubani mwenzangu Oyugi, aliyeajiriwa Juni mwaka uleule. Nafasi ya rubani mkuu wa ndege kubwa ilikuwa moja tu. Nikaipata. Oyugi akangoja miaka sita.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Lazima niungame. Tatizo: mwenyekiti wa marubani wastaafu wa Kisumu amefariki, na kiti hurithiwa kwa orodha ileile. Anayefuata ni mimi. Kisha Oyugi. Mkutano ni Jumamosi. Nahitaji toba isiyogusa kiti.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia! Oyugi hasikii kitu bila kifaa chake cha sikioni, na hukitoa akishakula mchana. Nitakwenda saa nane. Mungu atasikia. Oyugi, hapana.

Jumatano, 6 Machi

Binti yangu Beldina alinipeleka Otonglo kwa Oyugi. Kifaa kilikuwa kwenye kisahani. Safi! Nikaungama polepole, hata machozi yakanitoka. Oyugi akatikisa kichwa kwa huruma. Akaniita omera, ndugu yangu, akasema hata yeye magoti yanamtesa.

Nikainuka, mwepesi kama kijana. Mlangoni nikakutana na mkewe, Akinyi, ameshika sinia la chai. Akaniuliza, Mzee Ondiek, ulidhani masikio yote ya nyumba hii yako kwenye kile kisahani? Akasema nimwambie mumewe kabla ya mkutano kwisha, ama yeye mwenyewe atakuja kunisemea mbele ya watu.

Chai sikunywa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejaribu kuugua. Beldina akanipima presha. Nzuri kuliko yake! Akaniambia, Baba, vaa suti kesho, uache maigizo.

Basi nitajitangaza mwenyewe. Mzee anayelia mbele ya watu, nani atamnyang'anya kiti?

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi wa kanisa. Tulikaa kwa namba zetu za orodhani, kama kawaida yetu. Akinyi alikuwa kwenye benchi la nyuma, macho kwangu. Nikasimama na fimbo. Sauti ilitetemeka, na nusu ya mtetemo huo ilikuwa ya kweli. Nilisema nilisogeza tarehe yangu kidogo, nikampita Oyugi. Miezi sikuitaja.

Oyugi alikisukuma kifaa vizuri sikioni. Kisha akasema kwamba miaka ile sita alidhani labda yeye si rubani mzuri. Hilo sikulitarajia.

Akaendelea. Akasema mtu anayekiri kosa lake akiwa na umri huu ndiye wa kuongoza wenzake. Kaa kwenye kiti, omera, siku zilizobaki. Makofi! Hata Akinyi alipangusa macho.

Nilikataa. Mara moja tu. Kisha nikakaa. Kiti kina mto, na mwenyekiti hupakuliwa samaki kwanza.

Beldina amelala. Niandike basi lililobaki. Kati ya Machi na Novemba Oyugi hakuajiriwa peke yake. Niliwaruka watu tisa. Watatu walikuwemo ukumbini leo, wakinipigia makofi.