Saa Yangu na Kidude cha Radostina

Jumatatu, 24 Machi

Leo vita vimetangazwa! Daktari Evdokia, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa kobe, katuita jikoni, katua kikombe chake cha kahawa juu ya ramani. Kasema msimu huu tutanunuliwa vifaa vya GPS, vyote vya aina moja. Mwaka jana kila mtu alitumia simu yake, na kobe kadhaa wakasomeka wako katikati ya bwawa. Kobe wa nchi kavu! Mmoja nilimwandika mimi. Sawa, nusu yao.

Washindani tuko wawili. Mimi nimependekeza saa ya mkononi: nyeusi, kioo cha kugusa, inapima mpaka mapigo ya moyo. Radostina kaleta kidude cha manjano chenye vitufe, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kinachotumia betri za tochi. Betri za tochi! Nimecheka kwa sauti. Nimecheka peke yangu.

Daktari haamini maneno. Anakwenda kuficha vijisanduku saba bondeni, na Jumatano kila mmoja wetu atapewa namba za mahali vilipo avitafute kwa kifaa chake. Kifaa kitakachoshinda ndicho kitakachonunuliwa, na mwenye nacho ataongoza kikosi na kuchagua wenzake. Radostina hawezi kunichagua mimi. Mwaka jana nilikula banitsa yake, andazi la jibini, nikamsingizia paka. Nikishindwa, narudi mjini Haskovo kuuza matairi dukani kwa Mjomba Gencho. Miaka minne nimetembea na kobe.

Tatizo dogo: jana niliijaribu saa chini ya mialoni ikasema niko ng'ambo ya mto.

Jioni. Mambo safi! Nimemfuata Daktari bondeni na kikapu, nikijifanya nachuma majani ya kuwasha ya kupikia supu. Mikono imevimba, lakini vijisanduku vyote nimeona anakovifukia: kila kimoja chini ya mlozi. Sikuwa na kitambaa cha kuwekea alama. Ila nilikuwa na nyuzi zangu za Machi, nyekundu na nyeupe, zile tunazopeana kwa heri na kuvaa mkononi. Mwaka huu nimepewa nyingi: na mama, na shangazi, hata na mwenye duka la mikate. Nimefunga mmoja kwenye kila mti. Rangi yake inaonekana kutoka mbali. Akili ni nywele, na Mungu kanipa kichaka.

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari. Tumekula samaki. Korongo wa kwanza katua juu ya mnara wa kanisa, kijiji kizima kikapiga kelele, kisha wote wakavua nyuzi zao mikononi wakaenda kuzifunga mitini, kama kila mwaka. Mimi sikwenda, zangu zina kazi nyingine. Nimejilaza na tumbo langu.

Mchana nimemwona Radostina amesimama juu ya jiwe na kidude chake, hasogei. Nikamuuliza anasubiri basi? Kasema anakiacha kisome mara nyingi mahali pamoja, kipate wastani. Nikamwambia pole dada, saa yangu haihitaji kubembelezwa. Akaniuliza basi huko msituni nitaichajia wapi. Maswali ya wivu hayo.

Jumatano, 26 Machi

Loo! Loo! Ole wangu!

Mvua tangu asubuhi. Daktari kasema kobe hawaombi mwavuli, tuondoke. Nimefika bondeni natabasamu, nainua macho. Kila mlozi una uzi! Si mmoja, mafungu! Na micheri, na miti ya porini, hata nguzo ya uzio. Nimezaliwa Bulgaria, nimekulia Bulgaria, tangu mtoto nafunga uzi mtini korongo akifika, na jana nimewaona kwa macho yangu wakitoka kwenda kufunga. Nikawapungia mkono!

Basi, nikarudi kwenye saa. Matone ya mvua yakaanza kukigusa kioo yenyewe. Saa ikaniuliza kama nataka kuanza kuogelea. Tone likajibu ndiyo. Nikifuta, ndiyo kwanza inaharibika zaidi. Ilipofika adhuhuri ikanipongeza kwa kuogelea vizuri, ikazima.

Nikaanza kufukua chini ya mti wowote wenye uzi. Akatokea Bibi Stoyna wa kijijini na fimbo yake.

"Wee Nayden! Unachimba nini kwenye mlozi wangu? Umezika mtu?"

Nikamwambia kwa heshima zote, bibi, natafuta kisanduku cha serikali. Akasema kama ni cha serikali, basi hakipo, nimfukie shimo lake nitoke. Nikafukia. Nikatoka mbio kwa njia nisiyoijua.

Mwisho nimekaa chini mahali fulani, nimeloa mpaka mifupa. Nikataka kulia. Nikalia kweli. Ndipo majani makavu yakatikisika kidogo karibu na kiatu changu. Kobe! Bado ana udongo mgongoni, ndiyo kwanza anatoka kwenye usingizi wa majira ya baridi. Nikatazama vizuri: wa pili kwenye mizizi. Wa tatu chini ya miiba, kichwa tu nje. Wa kwanza wa mwaka, wote watatu, na mimi sina hata cha kurekodia. Nikawaambia wanisamehe.

Radostina kanikuta hapo. Vijisanduku vyote saba anavyo mkobani. Nilisubiri anicheke. Kasema tu, "Kaka, usisogee, utawakanyaga." Kasimama na kidude chake juu ya kila kobe, mvua inamnyeshea, mpaka kikamaliza kusoma. Kisha akaniuliza nimewaonaje, maana yeye kapita hapo mara mbili asione kitu. Wanaonekana tu. Akasema twende, supu itapoa.

Alhamisi, 27 Machi

Hukumu. Vidude vya manjano vitanunuliwa, na Radostina ndiye kiongozi. Daktari kasema vitufe vinabonyezeka hata kwa glavu, na mvua haina vidole vya kuvibonyezea.

Kabla hajamaliza, Bibi Stoyna kaingia kulalamikia mlozi wake. Daktari akatuuliza nani kachimba. Nikasema huenda ni nguruwe mwitu. Bibi akasema labda, ila nguruwe huyo alimwamkia shikamoo.

Maji yamenifika shingoni. Nimefungasha nguo. Nimempigia Mjomba Gencho, kafurahi sana, kasema kaunta yangu ya zamani bado ipo. Furaha yake imeniumiza kuliko matusi. Nimekwenda nyuma ya jiko nikakaa na kobe kilema tunayemtunza kituoni, nikampa jani la kabichi. Kala. Nani atamlisha nikiondoka? Wengine humpa majani makubwa, hayawezi.

Jumamosi, 29 Machi

Radostina kagonga mlango nikiwa navaa viatu vya safari. Kasema jina la kwanza alilochagua ni langu. Nikadhani ni dhihaka. Kasema kamwambia Daktari hivi: kidude kinajua mahali, lakini hakijui kobe, lazima mtu amwone kwanza, na kituoni mwenye macho hayo ni Nayden. Daktari kakubali kwa sharti moja, nisishiriki tena kuchagua chombo chochote, hata sufuria.

Nimelia mbele yake bila aibu. Nimembusu Radostina mashavu yote mawili. Nimeungama habari ya banitsa. Kasema alijua, paka hana mikono ya kufungulia kabati. Nimeapa kwa moyo mweupe: ujanja basi. Kazi, kobe, ukweli. Basi!

Jioni. Nimetafakari. Hakuna anayemvuta mshindani wake karibu bila sababu. Ni wazi saa iliwatisha.

Tena nimesikia mwezi ujao wanachagua redio za kubandika kobe mgongoni. Nimemwandikia Daktari barua kutoka kwa profesa wa Sofia, ambaye nimemtunga leo hii baada ya chai, anayemsifu sana bingwa mmoja wa redio hizo aitwaye Nayden. Kesho nitatafuta picha nione redio zenyewe zinafananaje.