Hotuba ya Kuzindua Gurudumu Linalocheza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa mimi mwenyewe, wadau wa maendeleo, waendesha baiskeli, wasukuma baiskeli, na nyote mliofika hapa kwa miguu kwa sababu ambazo nitazigusia kwa juu juu, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa nimeizingatia mimi. (Makofi ya watu wawili. Spika inapiga mluzi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, na wanaonifahamu wanajua unyenyekevu wangu ni mkubwa kuliko wa watangulizi wangu wote, kuzindua Mradi Jumuishi wa Kukarabati Habu za Baiskeli za Jamii. Kwa wale ambao hawakubahatika kwenda semina ya nje kama mimi, habu ni kile kitovu cha gurudumu, chenye ekseli, koni na gololi, ambacho kikikosa grisi husaga kama meno ya mlevi aliyelala, kikikazwa mno gurudumu hugoma, na kikilegea gurudumu hucheza.

Hapo kwenye kucheza ndipo uongozi wangu ulipodhihirika. Mama mkunga wetu, yule aliyekaa mstari wa mbele na ambaye naona anatazama saa, alikuja ofisini akasema gurudumu lake la nyuma linacheza, limemtupa mtaroni akienda kumzalisha mke wa muuza mkaa, na mtoto akamtangulia kufika. Sikulaza damu. (Sauti: «Ulilaza!») Siku hiyo hiyo nililipeleka suala lake Idara ya Michezo. (Kicheko.) Mnacheka nini? Kitu kinachocheza kinapelekwa wapi, Idara ya Misitu?

Idara hiyo, kwa weledi wa hali ya juu, ikatoa jezi, filimbi na kocha, na kocha baada ya kulitazama gurudumu kwa kina akashauri lipumzishwe msimu mzima. Ndiyo maana leo liko hapa jukwaani, limefungwa utepe, na sote tunaona lilivyonawiri. (Mkunga anasimama. Anasema kuna mama ng'ambo ya soko ameshashikwa na uchungu, kwamba yeye ametumiwa mtu wa kumwita, na anaomba gurudumu lake hata kama bado linacheza.) Nimekusikia, mama. Uchungu ni mchakato, na mchakato huheshimu ratiba. Keti kidogo.

Takwimu zinajieleza zenyewe, ingawa nitazieleza. Katika habu zote mlizotuletea, asilimia mia moja hazijalalamika. Malalamiko yote yametoka kwa wenye baiskeli. Wapo wanaouliza karakana iko wapi. Jamani, tumeshafanya warsha, tena kwenye hoteli yenye kiyoyozi, na warsha ikilelewa vizuri hukua ikawa karakana. Na gololi tulizozitoa kwenye habu zenu hazijapotea kama vinywa vichafu vinavyodai, zipo kwenye tathmini. (Sauti: «Wajukuu zako wanazichezea uani!») Narudia, masuala yote ya kucheza yako chini ya Idara ya Michezo.

Na kwa kuwa habu ni kitovu, namteua mama mkunga kuwa balozi wa mradi, maana kwenye vitovu hapa hakuna wa kumzidi. (Mkunga anaanza kupanda ngazi za jukwaa.) Mnaona, anakuja kupokea uteuzi.

Sasa nikisema «Habu», mnajibu «Haina mchezo». Habu! Habu! («Haina gololi!») Inatosha, mmekaribia.

Kwa kumalizia, namshukuru fundi wa mtaani aliyetuazima spana na aproni ya kupigia picha, ambavyo anavitaka tukishuka tu. Namshukuru mchoraji aliyeichora karakana kwenye pazia hili nyuma yangu, ambaye mlango aliouchora unafanana na mlango wa kweli hadi mgeni rasmi amejigonga. Na kipekee namshukuru mama mkunga, kwani bila gurudumu lake mradi usingekuwa na kitu cha kuzindua. Hauna kingine.

(Mkunga anakata utepe kwa meno na kuliinua gurudumu. Ekseli inadondoka sakafuni. Anachungulia ndani ya habu, anaikuta tupu, kisha anamgeukia msemaji na kusema taratibu: «Mzee, yule mama yuko peke yake.» Hakuna anayecheka.)

Ndiyo. Sawa. Hilo tutaliundia kamati.

(Dereva wa msemaji, aliyekuwa ameegemea gari, anafungua mlango wa nyuma. Mkunga anashuka mbio na mkoba wake, anaingia. Gari linaondoka likiwa na bendera yake.)

Dereva! Dereva, wewe! Basi, mwandishi wa kikao aandike kwamba gari nimelitoa mwenyewe, kwa hiari, kwa moyo wa huruma nilio nao tangu utotoni. (Watu wanaanza kukunja viti.) Msitawanyike jamani, jua kali na ofisini ni mbali. Naomba mmoja wenu tu, mwenye baiskeli nzima, anipakie.

(Wanatazamana. Hakuna aliyenayo.)